Maneno ya Ukurasa wa Kumi na Nne

Jumapili, 6 Oktoba

...basi mlango ukaanguka kwa ndani, puu, na Saturnini akaanguka juu yake kama gunia. Hapo ndipo daftari la kwanza lilipoisha, nikaishiwa karatasi katikati ya habari. Leo baada ya misa dada Vale kanipa jipya. Nikamwambia, mwanangu umechelewa, siku mbili nimekaa na maneno mdomoni kama chai ya moto.

Naendelea. Akaamka, akachukua mchi wa Koleta mwenyewe, akampiga nao mgongoni, halafu begani. Mlio niliusikia, nyumba zetu zimeachana hatua kumi tu. Koleta akaniita, "Mama Evarist! Mama Evarist wee!" Mimi nilikuwa nachuja uraka. Nikasema ngoja nimalizie hii ndoo, ikikaa na makapi inachachuka vibaya. Nikamaliza. Nilipofika nimemkuta Saturnini kakalia kinu, anafuta jasho kama mtu aliyetoka kulima, na Koleta yuko chini, bega limeshuka huku. Saturnini akaniuliza, "Shemeji, uraka upo?"

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka, usinitolee macho. Mteja ni mteja.

Dada Vale anasema niandike kwa mtu asiyenijua. Haya. Mimi ni Justa, mama Evarist. Darasa la nne niliishia mlangoni. Kijiji chetu kiko njia ya Naipingo, ukija na bodaboda kutoka Nachingwea mjini unafika na vumbi mpaka kwenye magego. Msimu wa korosho nakamua mabibo, yale matunda ya mkorosho, nauza uraka, pombe yake, na mnywaji hasemi uongo mpaka kata ya tano, kwa hiyo habari zote zinapita kwangu kabla hazijafika kanisani. Koleta ni jirani yangu, Saturnini mumewe. Dada Vale ni Valentina, msichana wa chuo kikuu, mtu wa Bukoba, anafanya utafiti wa ndoa za huku na analala kwangu. Katugawia wanawake sita madaftari. "Mama, andika kila kinachotokea. Andika unavyoongea." Wenzangu watano wameyachana wakafungia chumvi. Mimi naandika.

Jumanne, 8 Oktoba

Mabibo mengi mpaka nyuki wamelewa. Koleta anaokota korosho kwa mkono mmoja.

Ijumaa, 11 Oktoba

Saturnini kamkata kichwa jogoo wa Koleta kwa panga, eti kwa nini kawika wakati yeye anaongea. Jogoo kakimbia bila kichwa mpaka mlangoni kwa Agatha, jirani wa upande wa pili, damu zinaruka kama anamwagilia bustani. Wateja wangu wamecheka mpaka mmoja kapaliwa. Mimi pia. Baadaye nimepita nimemwona Koleta anamnyonyoa. Macho yake yalikuwa kwenye panga, siyo kwenye jogoo. Hapo kicheko kikanikatika.

Jumatatu, 14 Oktoba

Leo dada Vale kanihoji. Kaweka simu mezani inirekodi, kakunja miguu kama bibi harusi.

"Mama, una maoni gani kuhusu hali ya kaya ya jirani?"

"Kaya gani? Sema Koleta."

"Hatutaji majina, mama. Ndiyo maadili ya utafiti."

"Haya. Basi yule asiye na jina atamuua yule asiye na jina kabla ya mvua."

Kazima simu, kanitazama. "Kwa nini kabla ya mvua?"

Nikamweleza. Mvua zikishika, mabibo yanakwisha, uraka unakwisha, na Saturnini anakuwa kondoo. Anapalilia, anabeba mpaka kuni. Kwenye msimu huu ndipo anakuwa fisi. Na kila msimu anapanda. Mwaka juzi kamng'oa jino. Mwaka jana kamvunja mbavu mbili. Mwaka huu bado Oktoba na kashashika mchi. Ngazi ina vipago, hata asiyesoma anavihesabu.

Dada Vale karekodi upya, kaniomba nirudie vilevile. Nikarudia. Akasema, "Hili nalipeleka, mama. Kuna ripoti nawaandikia wilayani. Wakiona hatari watakuja kumchukua." Nikambusu kichwa. Nimemwona kama malaika aliyeshuka na kompyuta.

Alhamisi, 24 Oktoba

Leo kaja mjomba Kasmiri kutoka Chinongwe, huko Ruangwa. Huku kwetu baba anazaa, mjomba anaamua. Koleta anakaa kwenye ardhi ya mama yake, Saturnini kaja kuoa, kwa hiyo ni mgeni tu. Mjomba akitamka, mume anakunja mkeka wake anaondoka, na hakuna wa kumtetea.

Mzee kafika, kaligusa lile bega, Koleta kapiga kelele. Kamwita Saturnini mbele yetu.

"Wewe, huyu nilikupa mzima?"

"Mzima, mjomba."

"Na huyu niliyemkuta?"

Saturnini kaangalia vidole vya miguu. Tukajua leo leo. Mimi tayari nilishaweka pembeni ndoo mbili za kushangilia.

Ndipo akatokea Modestus, mtendaji wetu, mtu wa Singida, mpole, kalamu mfukoni. Akasema, "Mzee wangu, shikamoo. Usitoe hukumu kwanza. Kuna utafiti unaendelea hapa, wasomi wanaandika. Tukiwaingilia itakuwa mbaya. Tusubiri ripoti."

Mjomba akavua kofia. Yaani kaivua kabisa, kama yuko mbele ya sakramenti. "Kama kuna karatasi inakuja, mimi ni nani? Karatasi itasema." Akapanda bodaboda akarudi kwao.

Ndoo zangu mbili kanunua Saturnini.

Jumamosi, 26 Oktoba

Kamchoma Koleta pajani kwa kijinga cha moto. Dada Vale kampaka dawa.

Jumatano, 6 Novemba

Ripoti imeiva. Nimemwambia dada Vale nisomee kipande cha Koleta nisikie kilivyokaa. Akasita. Nikamshika mkono. Akasoma, na mimi nimemwomba aninakilie hapa, maana kichwa changu kisingeyabeba:

"Katika kaya tajwa, mahusiano ya kimamlaka yaliyojikita katika miktadha ya kijinsia yanadhihirisha mwelekeo hasi wa mwingiliano wa kimwili, unaochagizwa na matumizi ya zana za kaya."

Nikasubiri. Nikasema, "Hapo ndiyo umeanza?"

"Hapo ndiyo nimemaliza, mama."

"Saturnini yuko wapi?"

"Ni hayo mahusiano ya kimamlaka."

"Na mchi?"

"Zana za kaya."

Nikacheka mpaka kata ikanidondoka. Yeye kacheka kidogo, halafu macho yakamjaa machozi. Kanieleza kwamba mara ya kwanza aliandika kama nilivyosema, mchi ukaitwa mchi. Msimamizi wake wa chuoni kamrudishia kwa wino mwekundu: *Huu ni umbea, siyo usomi.* Asipobadilisha hafaulu, na miaka miwili yote inakwenda na maji.

Umbea! Nimenuna mpaka nimeshindwa kula. Nikamwambia mjulishe huyo bwana kwamba umbea wangu una tarehe na saa.

Lakini usiku wakati wa kulala nikajifikiria, Justa wewe ni nani. Labda vitu vizito vinataka maneno mazito. Dawa chungu ndiyo inayoponyesha. Huko wilayani kuna watu wa maneno hayo, wakiyasoma watashtuka. Nikamsamehe.

Jumapili, 10 Novemba

Dada Vale kaondoka na basi la Dar kupeleka kazi yake. Kaniachia sabuni mbili. Koleta kamsindikiza hadi barabarani, anachechemea.

Jumapili, 17 Novemba

Mawingu upande wa Ruangwa. Hayajatoa kitu. Joto la kuokea ndizi.

Jumanne, 19 Novemba

Mabibo yanapungua. Saturnini kaanza nipa, ile inayochemshwa, uraka wangu anauita maji ya watoto. Leo kanoa panga kwenye jiwe la mlangoni kwangu akipiga mluzi. Nikamuuliza, "Shemeji, unafyeka wapi wakati huu?" Akasema, "Nitapata tu pa kufyeka." Mimi nikaleta utani, nikasema basi anza na ndevu zako. Wakacheka. Yeye hakucheka.

Jumatatu, 25 Novemba

Haya ni ya Jumamosi, tarehe 23. Mkono leo ndiyo umetulia wa kushika kalamu.

Ripoti ilifika. Imetoka wilayani kwenye simu ya Modestus, akaitisha mkutano saa nne darasani. Tulijaa. Mjomba Kasmiri kaja tangu alfajiri kavaa koti, kiti cha mbele. Koleta ukutani. Saturnini mlangoni, kanyoa, shati jeupe kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

Modestus akasoma. Kurasa ishirini na mbili. Mwanzoni tulikaa wima. Maneno yakawa yanapita juu kama ndege za watalii, unasikia mlio tu. Miktadha, udhihirikaji, mwingiliano. Adinani wa bodaboda kalala mpaka kakoroma. Modestus mwenyewe jasho linamchuruzika, anasoma neno, anarudi nyuma, analisoma tena. Alipofika mwisho mjomba akanyoosha mkono.

"Mtendaji, mimi mtu wa shamba. Hapo wamesema aondoke au abaki?"

Modestus akapandisha ukurasa, akaushusha. "Mzee, ripoti inasema hali inahitaji tathmini endelevu."

"Ndiyo. Aondoke au abaki?"

"Tathmini endelevu, mzee."

Mjomba akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelewa. Hakuelewa. Modestus hakuelewa. Darasa zima hakuna aliyeelewa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Na mimi je? Mimi ninayewasemea mpaka marehemu? Nilijua kila kitu. Ningesimama nikasema, jamani, hapo katikati ya hayo majani mna mchi, mna kijinga cha moto, mna mbavu mbili. Ulimi ukawa kipande cha gogo. Nikawaza, darasa la nne utamsahihisha msomi? Na Saturnini alikuwa mlangoni ananiangalia.

Modestus akasema, "Makofi kwa wataalamu wetu." Huku kwetu kikisomwa kitu lazima kipigiwe makofi. Tukapiga. Koleta kapiga kwa mkono mmoja juu ya paja. Saturnini kapiga kuliko wote.

Kwenye kutoka kamwambia mzee, "Mjomba, umesikia mwenyewe. Karatasi haina neno na mimi." Mzee akavaa kofia yake akaenda.

Saa tisa mchana nilikuwa na wateja. Koleta kwake, kakaa mkekani anachambua korosho. Nikamsikia, "Mama Evarist!" Nikasimama. Nikakaa tena, kwa sababu nimeshika kata ya mtu imejaa. Hilo naliandika, asinifichie mtu. Nikamimina kwanza. Akaita mara ya pili na sauti ikakatika katikati ya jina la mwanangu.

Nikakimbia na ndoo mkononi. Kamlenga shingo kwa panga. Koleta kainua mkono, panga limepita na vidole viwili, likakita begani, lile lile bega. Kalichomoa kwa mguu, kaweka mguu kifuani kwa mke wake kama anachomoa shoka kwenye kisiki. La pili limemchuna kichwa, ngozi imening'inia na nywele zake. Korosho zote nyekundu. Damu ya mtu ni ya moto, sikujua, imenirukia mguuni ikaniunguza. Anainua mara ya tatu nikamtupia ndoo nzima ya uraka machoni. Uraka mchanga ule unawasha kama pilipili. Akapiga yowe, akateleza kwenye korosho, na mimi nikamkalia kichwani. Kilo zangu tisini siku hiyo zimefanya kazi. Aliniuma paja, nami nikamuuma sikio, tukang'ang'aniana hivyo hadi Adinani na wateja wakaja wakamfunga kwa kamba ya mbuzi.

Hospitalini tumekwenda na bodaboda ya Adinani, Koleta katikati, mimi nyuma nimemkumbatia na kichwa chake nimekifunga khanga. Vidole viwili nilivifunga kwenye pindo la khanga nyingine. Njia nzima alikuwa ananong'ona, "Umekuja." Ningependa angenitukana.

Daktari kavitazama vile vidole akasema haviungiki. Sikujua pa kuviweka. Nimevizika nyuma ya kikanisa cha hospitali, nikasali Salamu Maria.

Alhamisi, 28 Novemba

Koleta kafumbua macho, kanywa uji. Nyuzi hamsini na moja.

Dada Vale karudi leo. Nilikuwa nimemtunzia matusi siku tano, nimeyapanga kabisa. Kaingia wodini, kamwona Koleta, akakaa sakafuni. Nikamvuta nje.

"Uliandika wapi? Nilikwambia atamuua kabla ya mvua. Ukaweka wapi?"

"Niliandika, mama. Ukurasa wa kumi na nne."

"Nionyeshe."

Kafungua simu, kanisomea: "Upo uwezekano wa mkazo wa kiuhusiano kufikia ukomo usiorejesheka katika kipindi cha mpito wa kimsimu."

"Hiyo ndiyo atamuua kabla ya mvua?"

"Ndiyo, mama."

"Na huko wilayani waliisoma?"

"Waliisoma. Wamenipongeza."

Matusi yote yakanitoka kichwani. Nikamwangalia, mtoto wa watu, midomo imepasuka. Kumbe haya maneno siyo mazito. Ni kama pamba unayomwekea mtu masikioni, kisha unamwambia nilikuita. Na mimi je? Ukurasa wake ni wa kumi na nne, wangu ni ndoo ya uraka. Tumelia wote wawili, wauguzi wakatufukuza.

Jumatatu, 2 Desemba

Saturnini yuko nje! Kwa dhamana. Modestus alipompeleka kituoni na barua, aliiandika kwa maneno ya ripoti, eti ndiyo ya kitaalamu: *tukio la mwingiliano hasi wa kimwili baina ya wanandoa.* Aliyeipokea akaona ni ugomvi wa kawaida wa mke na mume. Adinani kamwona Saturnini sokoni Nachingwea, plasta sikioni. Kamwambia, "Mwambie Justa sikio langu nalifuata."

Nimecheka. Halafu nimekaza komeo la mlango mara mbili.

Ijumaa, 6 Desemba

Koleta karudishwa nyumbani, hakuna kitanda. Wanawake wa huku tumekubaliana, mchi mlangoni kila nyumba. Akiitwa mmoja tunatoka wote. Hakuna kumalizia kitu.

Dada Vale kaja na karatasi moja tupu. "Mama, sema. Mimi naandika, sibadilishi." Nikafungua daftari hili. Nikasema, akaandika: Tarehe 4 Oktoba Saturnini alimpiga Koleta kwa mchi, akamtegua bega. Tarehe 26 Oktoba alimchoma paja kwa moto. Tarehe 23 Novemba, saa tisa mchana, alimkata vidole viwili, bega na kichwa kwa panga, akazuiwa la tatu. Sasa yuko nje na amesema atarudi. Atamuua. Mje mumchukue.

Nikamwambia, "Msimamizi wako atasema ni umbea."

Akasema, "Na aseme. Weka jina lako juu, mama, halafu langu."

Modestus kaisoma kwa sauti, mistari saba. Akasema, "Hii nimeielewa." Kagonga muhuri, kaipeleka mwenyewe. Jioni wamepiga simu, wanakuja Jumapili. Na mjomba Kasmiri kasomewa kwa simu huko Chinongwe. Akauliza, "Hiyo ndiyo karatasi?" Akaambiwa ndiyo. Akasema, "Tupeni mkeka wake nje." Nimeutupa mimi.

Jumapili, 8 Desemba

Asubuhi misa. Dada Vale na Modestus wametangulia barabarani kuwapokea askari, gari limekwama huko mbele. Agatha anasema kuna mtu kapita kwenye mikorosho ya bondeni, shati jeupe. Mchi uko hapa mguuni.

Nakamua mabibo ya mwisho, naandika huku nachuja, ndiyo maana karatasi ina madoa. Matone yameanza, makubwa, yananuka vumbi. Mvua hiyo! Nilisema kabla ya mvua, na mvua imefika na Koleta yuko pale mlangoni kwake anakinga maji kwa mkono mzima. Nimeshindwa ubashiri, na sijawahi kufurahi kushindwa kama

"Mama Evarist!"

Ni Koleta. Ndoo ina makapi nusu. Iache ichachuke, nimeshika mchi